Mfupa wa Ngamia: Wanawake na Utafutaji wa Elimu katika Kisiwa cha Unguja

Katikati ya karne ya kumi na tisa, ndani ya mojawapo ya majumba ya Sayyid Said bin Sultan, binti mmoja alikuwa akijificha na msahafu, wino na mfupa wa bega la ngamia. Mfupa ule ndio uliokuwa ubao wake. Watoto wa kifalme, wa kike na wa kiume, walifundishwa kuisoma Kurani, lakini kuandika lilikuwa jambo la wanaume, na msichana aliyeitamani kalamu alidhaniwa kuwa ana siri ya kuipeleka nje. Binti huyo, Salme, akawa anazinakili herufi za msahafu moja baada ya moja, anazitazama, anazifuta, anaziandika upya, hata mkono ukazoea. Alipokwisha kuishika misingi akamtafuta wa kumrekebisha, naye alikuwa mtumwa aliyesoma. Habari zilipoenea, lawama zikamshukia. Kadhia hiyo aliisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, kwa lugha ya kigeni, akiwa katika nchi ya baridi.

Wageni walioandika juu ya Unguja aghalabu wamekiita kisiwa cha mbali. Haielezwi ni mbali na wapi. Bara iko ng'ambo ya mkondo wa kilomita zipatazo 35, na tangu dahari kaskazi na kusi zimekuwa zikileta na kuondoa majahazi ya Maskati, Bombay, Lamu na Ngazija. Kama kuna umbali wa kuzungumziwa, basi ni ule uliokuwepo baina ya mwanamke na daftari: baina ya aliyekuwa akijua mengi na mahali ambapo maarifa yaliandikwa na kuhifadhiwa. Umbali huo umevukwa mara kadhaa katika kisiwa hiki, kila mara kwa chombo kingine, na waliouvuka hawakuwa wa aina moja.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa mwambao mzima uliwanyima wanawake kalamu. Kiasi cha mwaka 1858, wakati Salme alipokuwa bado kigoli, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi unaojulikana kwa jina lake hadi leo, na wanawake wa visiwa vya kaskazini walikuwa na mazoea ya kuzinakili na kuzihifadhi tenzi majumbani mwao. Marufuku ya kuandika aliyokutana nayo Salme ilikuwa ni ya jumba lile na tabaka lile. Jambo hili lina uzito, kwani baadhi ya wasomaji wake wa Ulaya waliyachukua maisha ya nyumba moja ya kifalme wakayafanya ndiyo maisha ya mwanamke wa pwani kwa jumla.

Kalamu ilimgharimu upesi. Baba yake alifariki mwaka 1856. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake, Jilfidan, aliyekuwa ametokea nchi ya Wacherkesi. Katika mwaka huo huo, kaka zake Majid na Barghash waliukamiana ufalme, na Salme, aliyekuwa hajatimiza miaka kumi na sita, akaingia upande wa Barghash pamoja na dada yake Khole. Kazi aliyopewa ilikuwa ya ukatibu. Katika njama ile walikuwapo watu wazima wengi, lakini mwenye kuweza kuandika barua ndani ya pazia, bila ya kumwingiza karani wa nje, alikuwa ni yeye. Barua za kuagiza bunduki na baruti zilitoka mkononi mwake. Uasi ulishindwa, watu wakafa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na majuto ambayo hakuyaficha katika maandishi yake. Ule uwezo alioupata kwa mfupa wa ngamia ulikuwa umetumika kwanza katika vita vya ndugu.

Yaliyofuata yanajulikana. Alijuana na mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa. Wakahamia Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika mji ambao lugha yake alikuwa bado anajifunza. Simulizi hii imependwa mno na wenye kutafuta hadithi za mapenzi, kiasi cha kuifunika kazi yenyewe aliyoifanya baadaye, ambayo ndiyo inayostahiki kutazamwa.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Berlin mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888. Katika dibaji yake anaeleza kuwa alianza kuyaandika miaka tisa kabla, kwa ajili ya wanawe, ambao hawakujua lolote juu ya asili ya mama yao zaidi ya kuwa alitoka Unguja. Kwa hivyo aliandika kama mtu anayekusanya. Aliyapanga majumba: Bet il Mtoni kandoni mwa bahari, na wakaazi wake ambao kwa hesabu yake walifika elfu, Bet il Watoro, Bet il Sahel. Alieleza jinsi watoto walivyosomeshwa, namna Ramadhani na sikukuu zilivyopita, vyakula, nguo, dawa, safari za mashamba, maradhi na maziko. Mengi ya hayo hayapatikani katika barua za mabalozi, ambao waliyajua majumba yale kutoka barazani tu. Bet il Mtoni sasa ni magofu, na jumba lililosimama penye uwanja wa Bet il Sahel ni la baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Atakaye kujua ndani ya kuta zile kulikuwaje hana budi kupitia kwake.

Palikuwa na mahali ambapo jicho lake lilikataa kuona. Katika sura inayohusu utumwa, alisimama kuutetea. Akadai kuwa utumwa wa Mashariki ulikuwa wa upole, na akawashutumu Wazungu kwa kuukomesha kwa haraka. Mtu aliyeweza kukumbuka rangi ya kitambaa cha shangazi yake hakuweza kuwaona kwa ukamilifu watu waliomchotea maji ya kuoga, ingawa mmoja wao alimfundisha kuandika. Msomaji wa Unguja hana haja ya kulipitia hilo kwa kufumba macho. Alikuwa binti wa mwenye mashamba, na utafiti wake juu ya nafsi yake uliishia penye mpaka wa tabaka lake.

Uchunguzi mkali zaidi wa nafsi uko katika maandishi ambayo hakuyachapisha. Ni barua ndefu alizoziandika kama kwamba anamwandikia rafiki wa kike aliyebaki Unguja, akimsimulia Hamburg: giza la mchana wa baridi, nyumba zenye milango iliyofungwa, watu waliomtazama kama kioja, na ule wasiwasi wa mtu aliyeiacha dini ya wazee wake bila ya kuwa na hakika na aliyoiingia. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1993 zilipotolewa na mtaalamu wa Kiholanzi, E. van Donzel, pamoja na kumbukumbu zake, kutokana na hazina ya karatasi za familia iliyohifadhiwa Leiden. Humo huonekana mwanamke aliyetumia kalamu kujiuliza yeye ni nani, na asipate jawabu. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, na mara ya kwanza Barghash, yule yule aliyemwandikia barua za njama, alikataa kumpokea. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924. Jumba la Forodhani lilipofanywa makumbusho mwaka 1994, chumba kimoja kiliwekwa kwa ajili yake.

Baina ya mfupa wa ngamia na madaftari ya skuli ilipita miaka mingi. Wamishonari wa Kianglikana waliwasomesha Mbweni wasichana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Skuli ya serikali ya wasichana haikufunguliwa hata mwaka 1927. Corrie Decker, mwanahistoria wa Kimarekani, amelieleza hilo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2014, na hapa inatosha kusema kuwa wazazi wa mji walikubali kuwapeleka mabinti zao baada ya kuhakikishiwa kwamba heshima haitapotea njiani.

Wakati skuli ile inafunguliwa, mwanamke aliyesikika kuliko wote Unguja alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, katika nasaba ya watumwa, akakua akifinyanga na kuchuuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, akahifadhi kwa masikio yake yale ambayo wengine waliyahifadhi kwa karatasi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurikodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikaanza kutoka katika magramafoni ya mwambao mzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kitabu ambacho wapenzi wa lugha hawahitaji kukumbushwa.

Lakini wasifu ule ulimtazama Siti kwa maadili yake: subira, bidii, unyenyekevu. Suala la nini hasa alichokuwa akikisema katika nyimbo zile, na waliomsikiliza walisikia nini, lilisubiri mtu mwingine. Laura Fair alikuja kutoka Marekani akiwa mwanafunzi wa historia, na utafiti wake ulizaa kitabu kilichotoka mwaka 2001 juu ya starehe na siasa katika mji wa Unguja kuanzia 1890 hadi 1945. Njia aliyoishika ndiyo yenye kuvutia. Nyaraka za serikali ya kikoloni zilihifadhi kodi, kesi na sensa. Fair alizisoma hizo, kisha akavuka Darajani kuingia Ng'ambo, akakaa na wazee, wanawake kwa wanaume, akiwauliza habari za nguo walizovaa, mipira waliyocheza, ngoma walizozicheza na santuri walizozisikiliza.

Alichokusanya huko kilibadilisha picha. Baada ya amri ya 1897 ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki, nguo nyeusi ya kazi, waliivua wakachukua kanga. Baadaye wakavaa buibui, vazi ambalo kabla yake lilihusishwa na mabibi wenye nasaba. Kwa mwanamke aliyekuwa mali ya mtu, kununua doti yake kwa pesa yake na kuivaa apendavyo ilikuwa ni tamko. Katika sensa za 1924 na 1931 watu wale wale walijiita kwa makabila mapya. Waliotajwa kwa majina ya bara walipokuwa watumwa wakajihesabu kuwa ni watu wa Unguja. Wakaazi wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928, mwaka ule ule wa safari ya Bombay, walikuwa wameshajijua kuwa wao ni nani na mji ni wa nani.

Katika nyimbo za Siti, Fair alisikia korti ya pili. Wimbo wa Kijiti, maarufu hadi leo, unasimulia kisa cha mgeni mwanamke kutoka Dar es Salaam aliyekwenda ngomani Unguja akauliwa. Aliyemwua akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa naye, waliofika mbele ya hakimu kama mashahidi. Jalada la korti la kesi kama hiyo hufungwa pale hukumu inapotolewa. Wimbo uliendelea kuifungua, jioni baada ya jioni, na wasikilizaji waliozungumza na Fair zaidi ya nusu karne baadaye walikuwa bado wanaijadili hukumu ile. Kwa wasomaji wa mashairi hili si geni. Wanajua kuwa beti hutunza yale ambayo karani hakuyaandika. Geni lilikuwa kuingizwa kwa nyimbo katika vitabu vya historia zikiwa na haki sawa na barua ya gavana. Na lililo bora zaidi, mwaka 2013 Fair alitoa kitabu cha Kiswahili juu ya historia ya jamii ya Zanzibar na nyimbo za Siti, ili waliompa maneno waweze kuyasoma. Wageni wengi wameondoka na daftari zilizojaa na hawakurudisha hata ukurasa.

Utafiti wa aina hiyo ulipata wenyewe wa nyumbani pia. Amina Ameir Issa, aliyefanya kazi katika idara ya nyaraka na makumbusho ya Zanzibar, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwaka 2009, juu ya maradhi, tiba na afya ya mji wa Unguja kuanzia 1870 hadi 1963. Alilichukua jina la kejeli alilolitoa Livingstone katika miaka ya 1860, pale alipochukizwa na uvundo wa pwani ya mji akasema ungefaa kuitwa Stinkibar, na akaliweka katika anwani ya tasnifu. Kejeli ile ilikuwa ikinukuliwa na vitabu vya watalii kwa ajili ya kuchekesha. Mikononi mwa Mzanzibari ikawa swali la historia: uchafu ule ulitoka wapi, nani aliugua na nani alilaumiwa, na wakaazi, pamoja na waganga wao, waliipokeaje chanjo, karantini na hospitali? Kipindupindu kilichomwua Jilfidan, ambacho bintiye alikieleza kwa machozi, kilipata mahali pake katika mlolongo wa miripuko iliyoupiga mji karne ile.

Utafutaji huo haukubaki mjini tu. Mwaka 2002 Odile Racine-Issa alichapisha kwa Kifaransa uchambuzi wa Kikae, lugha ya watu wa Makunduchi, kusini ya kisiwa, akaambatisha hadithi tano zilizosimuliwa kwa lahaja hiyo. Umuhimu wake unaonekana pale inapokumbukwa kuwa tangu Kiunguja cha mjini kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika miaka ya kabla na baada ya 1930, lahaja za shamba zilionekana kuwa ni makosa ya watu wasiosoma. Mtoto wa Makunduchi alikosolewa darasani kwa maneno ya nyanya yake. Mzee Haji Chum, mwenyewe wa huko, alikuwa ameanza kuikusanya hazina hiyo, na msamiati wake wa Kikae ulitoka mwaka 1994. Kazi ya Racine-Issa ikaionesha sarufi yake kuwa ni mfumo uliokamilika, wenye kanuni zake na ukale wake. Wenye kuhudhuria Mwaka Kogwa wakashangilia moto wa banda la makuti wangefaidika zaidi kama wangezifahamu pia nyimbo zinazoimbwa pale.

Waakiolojia nao wamo, na wanatosha kutajwa kwa haraka: Sarah Croucher aliyeyachimba mashamba ya karafuu na kuandika mwaka 2015 juu ya maisha ya waliofanya kazi humo, wale wale ambao Salme hakuwaona vizuri, na Henriette Rødland, ambaye tasnifu yake ya 2021 ilizitazama tabaka za kijamii za Tumbatu na Mkokotoni katika karne za 1000 hadi 1400.

Utafiti uliowagusa wanawake wengi zaidi Unguja ulifanyika ndani ya maji. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na baada ya muda mfupi pwani ya mashariki ikajaa vigingi na kamba. Waliojishughulisha walizidi 20,000 katika visiwa vyote, na takriban wanane katika kila kumi walikuwa wanawake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kushika pesa isiyopita mkononi mwa mume. Paa za bati zilizochukua nafasi ya makuti katika miaka ya 1990, madaftari ya watoto, na baadhi ya talaka zilizodaiwa na wake wenyewe, zilitokana na fedha hiyo.

Kisha bahari ikapata joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, inayoitwa cottonii, ikaanza kufa katika maji ya kina kifupi, na wakulima wakabaki na spinosum, ambayo kilo yake hununuliwa kwa bei ndogo. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 1978, alilifuata tatizo hilo hadi wanakolifahamu zaidi, yaani kwa wanawake wa mwani. Wao ndio waliojua ni mwezi gani mwani hubadilika rangi, ni upande gani wa bahari unaoanza kufa, na ni upepo gani unaoleta magonjwa. Majaribio ya kupanda katika maji ya kina, kwa nyavu za mirija zisizobomolewa na mawimbi, yalitokana na kazi hiyo. Kikwazo kimoja hakikuwa cha kibaiolojia: wengi wa wakulima hawakujua kuogelea, kwa kuwa kuogelea na kupanda ngalawa kulihesabiwa kuwa ni mambo ya wanaume. Kama kuandika zama za Salme. Mwaka 2006 Msuya alisaidia kuanzisha umoja wa wakulima wa mwani Zanzibar, na vikundi vikaanza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza gunia kavu pekee.

Mwenzake katika taasisi ile ile, Narriman Jiddawi, Mzanzibari, alishughulika na chaza katika Ghuba ya Menai. Wanawake wa rasi ya Fumba walizoea kuwaokota chaza kwa chakula, na walikuwa wakilalamika kuwa wanazidi kupungua na kuwa wadogo. Yeye na wenzake walifanya kazi pamoja nao kutenga maeneo yasiyookotwa kwa muda, kuwafuga chaza, na kuwapandikiza vidubwasha vinavyofunikwa na chaza mwenyewe, baada ya miezi kadhaa, kwa utando wa lulu. Ni elimu ngumu, yenye kuhitaji mkono mwepesi na subira ya kungoja. Waliohesabu, waliopima na waliokaa zamu usiku majina yao hayamo katika makala za kisayansi, isipokuwa mara moja moja katika shukrani.

Lulu hizo, pamoja na vidani vinavyochongwa kutokana na magamba, hupelekwa Mji Mkongwe kuuzwa. Siti aliichukua barabara hiyo hiyo ya Fumba, vyungu kichwani, akiimba ili wateja wajue kuwa anakuja.